NGUO YA IDD NA HAKI YA ALIYEISHONA

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, Kabazi, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, aliyetujaalia kuufikia mwezi huu tukiwa na afya na imani. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata nyayo zao mpaka siku ya malipo.

Ama baad. 

Nimeombwa nizungumze kuhusu kijana Mwislamu na mavazi. Najua mkisikia mada hii, tena kutoka kwa dada, mnangoja mambo mawili: buibui za kubana na suruali za kuteremka. Hayo maustadhi wetu wametueleza kila mwaka na ujumbe umefika, Mwenyezi Mungu awalipe. Leo naomba tuigeuze nguo hiyohiyo tuitazame kwa ndani, pale penye mshono. Siku zote tunauliza nguo inafunika nini. Mara chache sana tunauliza imetoka wapi, kaishona nani, kalipwa nini, na ikichakaa itatupwa mlango wa nani.

Na wakati wa kuuliza ni huu. Hapa tulipo kumi la mwisho linakaribia, na kila nyumba imeshaanza kusikia wimbo mmoja: "Mama, Idd nitavaa nini?"

SITARA, PAMBO NA UCHAMUNGU

Katika Suratul Aaraf, aya ya 26, Mwenyezi Mungu anawakumbusha wanadamu neema ya mavazi. Anataja sitara, anataja pambo, kisha anataja vazi la uchamungu na kusema hilo ndilo bora. Aya chache mbele, ya 31, tunaamrishwa tujipambe tuendapo kuswali, tule na tunywe, lakini tusifanye israfu. Tazameni ndugu zangu, pambo na katazo la israfu vimewekwa katika aya moja. Uislamu haukutuambia tuvae matambara ili tuonekane wacha Mungu. Na hauturuhusu kujaza kabati ili tuonekane watu.

Wako masahaba waliomuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mtu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri, wakihofia kwamba huo ni ujeuri. Akawafahamisha, kama alivyopokea Imam Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo kupenda kupendeza si tatizo. Tatizo ni pale uzuri wangu unapojengwa juu ya dharau kwa mtu mwingine. Na dharau si lazima iwe ya macho kwa macho. Kuvaa jasho la mtu ambaye hakulipwa, wala nisitake hata kujua, nayo ni namna ya dharau.

Tunaijua pia hadithi ya msafiri mwenye nywele timtim na mavumbi, anayeinua mikono mbinguni kuomba, na chakula chake, kinywaji chake na mavazi yake ni ya haramu. Mtume (S.A.W.) akashangaa, vipi mtu huyo ajibiwe? Wanachuoni wanaifafanua hadithi hii kwa chumo la mvaaji mwenyewe. Mimi si mufti, sikuja hapa kuharamisha shati la mtu. Lakini mwezi huu sote tunainua mikono usiku na mchana. Je, hatufai kuuliza tumeinua mikono iliyovikwa nini?

ALIYESHONA NI NANI?

Tarehe 24 Aprili 2013, mjini Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza liliporomoka. Ndani mlikuwa na viwanda vya nguo. Siku moja kabla, nyufa kubwa zilionekana ukutani. Benki na maduka yaliyokuwa chini yalifungwa. Washonaji wakaamrishwa warudi kwenye cherehani. Watu 1,134 walikufa na wengine zaidi ya 2,000 wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa wanawake, wengi wao vijana, na Bangladesh kama mjuavyo ni nchi ya Waislamu. Nguo walizokuwa wakishona zilikuwa za maduka makubwa ya Ulaya na Marekani.

Miezi michache kabla ya hapo, tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha nguo kiliungua Karachi, Pakistani, wakafa watu zaidi ya 250. Madirisha yalikuwa na vyuma na milango ilikuwa imefungwa. Hao nao walikuwa ndugu zetu. Tunaposoma qunuti na kuwaombea Waislamu wanaodhulumiwa, tusisahau kwamba wengine wanadhulumiwa wakitushonea sisi.

Msiseme hayo ni ya huko mbali. Historia ya pwani yetu inatuonyesha kwamba nguo na dhuluma zimejuana zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta kitambaa kikifumwa pale pale na kupelekwa mpaka Misri. Miaka mia tano baadaye, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, kitambaa kutoka viwanda vya Massachusetts kilifurika Zanzibar na bara yote hii. Wazee walikiita "amerikani", na jina hilo bado tunalo kwa ile nguo nzito isiyotiwa rangi. Kilikuwa kigumu na cha bei nafuu, kikawabana wafumaji wetu. Lakini pamba iliyokifuma ilichumwa na nani? Na watumwa wa kusini mwa Marekani, watu waliotekwa Afrika na vizazi vyao. Waafrika walichuma pamba kwa mijeledi ng'ambo, Waafrika wakavaa kitambaa hicho huku, na katikati mfanyabiashara akapata faida. Aliyevaa Zanzibar hakuwa na njia ya kujua. Sisi leo tunayo simu mfukoni. Udhuru wetu ni mdogo kuliko wao.

MITUMBA: RIZIKI NA MZIGO

Sasa tuje nyumbani. Ukizungumza mavazi hapa kwetu, Kabazi, Subukia, Bahati mpaka Nakuru mjini, unazungumza mitumba. Mwaka 2019 Kenya iliagiza takriban tani 185,000 za nguo kuukuu.

Shangazi yangu anauza mitumba. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye turubai lake la siku ya soko, kwa hiyo msitarajie nisimame hapa niseme mitumba ni balaa. Mitumba imevisha maskini kwa heshima. Imempa mjane biashara isiyohitaji shahada. Na kwa upande wa kutunza ardhi, nguo inayovaliwa mara ya pili na ya tatu ni bora kuliko nguo mpya iliyovaliwa mara tatu ikatupwa. Wale mnaoona haya kusema shati lenu ni la mtumba, acheni haya hiyo. Hapana aibu katika kitu cha halali.

Lakini biashara hii ina upande wa pili ambao mnunuzi wa barazani hauoni. Robota moja la mitumba kwa kawaida ni kilo 45, limebanwa na kufungwa kwa mikanda, limeandikwa tu ni la aina gani: sweta za watoto, mashati ya wanaume, marinda. Unalilipia likiwa limefungwa. Ukilikata ndipo unapojua riziki yako. Kwanza inatolewa kamera, zile nguo safi ambazo wenye maduka wanazigombania. Halafu zile za kati. Mwisho kabisa ni fagia, na jina lenyewe linajieleza.

Siku moja shangazi alidamka alfajiri, akapanda matatu mpaka Nakuru, akalipa robota la sweta za watoto kwa mkopo wa chama. Mnaijua baridi ya hapa mwezi wa saba, sweta za watoto zinatoka kama mkate. Alipolikata, karibu nusu yake ilikuwa na madoa, matundu na zipu zilizong'oka. Aliyemuuzia akamwambia, "Mama, hiyo ni bahati yako." Kurudisha hakuna. Kusema kweli hata yule muuzaji hakujua kilichomo. Huko zilikotoka, mtu alitia sweta lililotoboka kwenye sanduku la sadaka, akaenda zake roho imetulia. Safari yote ile ya bahari na barabara, hasara ikaja kumwangukia mama mmoja wa Kabazi mwenye deni la chama.

Wale tuliosoma mlango wa biashara madrasa tunakumbuka neno gharar, yaani kuuziana kisichojulikana. Tulifundishwa mifano ya samaki aliye majini na ndege aliye hewani. Mimi nilipoliona lile robota nilikumbuka yule samaki. Sitoi hukumu, kwa sababu wanachuoni wana maneno kuhusu kuuza kwa sifa na kwa sampuli, na mimi elimu yangu haifiki huko. Naomba maustadhi wetu mlitazame suala hili, maana mama zetu wengi wamo humo na hakuna aliyewaeleza haki zao.

Pia tusisahau kilichokuwepo kabla. Kenya ilikuwa na viwanda vya nguo vya kujivunia: KICOMI kule Kisumu, Rivatex kule Eldoret iliyoanzishwa mwaka 1976. Mapema miaka ya 1990 soko lilifunguliwa wazi, mitumba na nguo za bei rahisi zikaingia kwa wingi, na pamoja na uendeshaji mbaya wa ndani, viwanda vikaanguka kimoja baada ya kingine. Mkulima wa pamba naye akaanguka navyo. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba kidogo kidogo ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru kwa bidhaa zetu, na mwaka 2017 Kenya ikajitoa katika azimio hilo. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Wakati wa Korona serikali yetu ilizuia kuagiza mitumba kuanzia Machi 2020 mpaka Agosti. Miezi ile tuliona pande zote mbili: akina mama wamekaa bila mali, na mafundi wa nguo wanatafutwa.

Kwa hiyo jawabu si rahisi la "mitumba ndiyo" au "mitumba hapana". Ninachosema ni kwamba tununue tukijua. Na vilivyo vyetu bado vipo. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na ikazinduliwa upya mwaka 2019. Hapa Nakuru tunayo Bedi Investments, ambao wanajulikana kwa nguo na sare za shule. Njoro kuna Kenana Knitters, kazi iliyoanza mwaka 1998, ambapo kina mama wa mashambani wanasokota na kufuma sufu kwa mkono. Haya si mambo ya kusimuliwa, ni safari ya matatu tu.

MAJI, PLASTIKI NA JAA LA GIOTO

Inakadiriwa kwamba fulana moja ya pamba, tangu shambani mpaka dukani, inahitaji lita 2,700 za maji hivi. Sisi tulioteka maji kwa mtungi mgongoni tunajua uzito wa lita ishirini tu. Fikiria mitungi 135 kwa fulana moja. Kule Asia ya Kati, Bahari ya Aral, iliyokuwa miongoni mwa maziwa makubwa duniani, ilikauka sehemu kubwa kwa sababu mito yake iligeuzwa kumwagilia pamba kuanzia miaka ya 1960. Meli zilibaki zimelala mchangani.

Utasema basi tuvae isiyo pamba. Nguo nyingi za bei rahisi leo ni za poliesta, buibui zetu nyingi zikiwemo, na poliesta ni plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Haiozi kama pamba. Kila ikifuliwa inaachia nyuzi ndogo zisizoonekana zinazokwenda na maji. Tulipokatazwa mifuko ya plastiki mwaka 2017 tulilalamika kidogo, kisha tukazoea vikapu na leo hatukumbuki. Lakini plastiki tunayoivaa hatuihesabu.

Na mwisho wa nguo ni wapi? Ukipita Nakuru upande wa Menengai utaliona jaa la Gioto. Kuna watu, na watoto wao, wanaochakura pale kutafuta riziki. Nguo tunayoitupa haiendi "huko". Hapana mahali panapoitwa huko. Inakwenda kwa mtu.

MIMI MMOJA NITABADILISHA NINI?

Hili ndilo swali ninaloulizwa na wenzangu chuoni. Wengine wanasema, "Dada, hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya. Sisi tunavaa kinachopatikana." Nina majibu mawili.

La kwanza. Nchini Uzbekistan, kwa miaka mingi watu walilazimishwa na serikali kuchuma pamba, wakiwemo watoto wa shule, walimu na madaktari. Wanunuzi wakaanza kuuliza maswali. Kampuni zaidi ya 300 zikaahidi kutotumia pamba ile. Mambo yakabadilika, mpaka wachunguzi wakathibitisha kwamba ule ulazimishaji wa jumla umekwisha, na mwezi Machi 2022 mwito wa kuisusia pamba hiyo ukaondolewa. Na Bangladesh, baada ya Rana Plaza, kampuni za nje ziliwekeana saini na vyama vya wafanyakazi mwaka 2013 mkataba wenye nguvu ya sheria kuhusu usalama wa viwanda, majengo yakakaguliwa. Hayo yalitokana na watu wa kawaida waliokataa kunyamaza.

La pili. Kutunza nguo si mila ya Ulaya, ni mila yetu. Bibi zetu kanga moja waliiishi. Ikinunuliwa inavaliwa harusini, ikipungua rangi inakuwa ya nyumbani, halafu mbeleko, halafu ya kupanguzia, na mwisho kishikio cha sufuria. Hakuna aliyewaita wanaharakati. Wafugaji wetu wa huku Bonde la Ufa wanavaa akala, viatu vya tairi kuukuu, na viatu hivyo vinamzika mtu na mjukuu akavirithi. Na juu ya yote tunaye Mtume (S.A.W.), ambaye Bibi Aisha (R.A.) ametueleza kwamba nyumbani alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Kijana wa leo akipotewa na kifungo anatafuta shati lingine!

MASHARTI NILIYOJIWEKEA

Ndugu zangu, mawaidha bila amali ni upepo. Nitawaeleza ninavyofanya mimi, mwenye kuona kinamfaa achukue.

Kwanza, sinunui nguo siku niliyoiona. Naiacha wiki nzima. Ikipita wiki bado naihitaji, narudi. Zaidi ya nusu huwa nimezisahau.

Pili, nahesabu kwa kuvaa, sihesabu kwa bei. Chukua mfano: viatu vya shilingi 600 vinavyofumuka baada ya miezi miwili, na vya shilingi 1,800 vinavyovaliwa miaka miwili na fundi akavishona. Kipi ghali? Maskini ndiye anayepaswa kujua hesabu hii kuliko tajiri, kwa sababu hana cha kupoteza mara mbili.

Tatu, nimejifunza sindano. Kifungo, pindo na kiraka kidogo nafanya mwenyewe. Hii si kazi ya wasichana pekee. Kaka zangu, sunna ya kushona nguo ni yenu pia.

Nne, ninauliza. Dukani, sokoni, naulizia kitambaa kimetoka wapi. Mara nyingi muuzaji hajui na ananicheka. Lakini akiulizwa na watu kumi ataanza kumuuliza aliyemuuzia.

Tano, sitoi sadaka nisichoweza kukivaa. Aya ya 267 ya Suratul Baqara inatukanya tusichague kibovu tukakitoa, hali sisi tukipewa tungekipokea kwa kufumba macho tu. Sweta la shangazi lilitoka kwa mtu asiyeijua aya hii. Sisi tunaijua. Kabla ya kupeleka nguo kwa mayatima, ifue, ishone, ipige pasi. Isiyofaa kuvaliwa ikate iwe kitambaa cha kupangusia nyumbani kwako.

Sita, naazima na ninaazimisha. Katika Sahihi Bukhari, Bibi Aisha (R.A.) anasimulia kwamba zamani alikuwa na vazi moja, na hakuna bibi harusi aliyepambwa Madina ila alituma mtu kuliazima. Na alipoulizwa Mtume (S.A.W.) kuhusu mwanamke asiye na jilbabu ya kutokea siku ya Idd, alielekeza kwamba mwenzake amvishe katika jilbabu zake. Hakusema akanunue. Leo msichana anakosa kwenda kuswali Idd kwa kuwa gauni ni la mwaka jana, na jirani yake ana kumi kabatini. Sunna hiyo imekwenda wapi?

FUNDI NAYE ANA LAYLATUL QADR

Kuna jambo moja nataka mlikumbuke hata mkisahau mengine yote. Tumezungumza Dhaka na Karachi, lakini dhuluma ya nguo inaweza kutokea hapa hapa sokoni Kabazi.

Tunampelekea fundi kitambaa mwezi 25. Tunamwambia, "Nataka kabla ya Idd." Fundi hana uwezo wa kukataa kazi, huo ndio msimu wake. Anashona usiku wa 27, anashona usiku wa 29, sisi tuko msikitini tunautafuta usiku ulio bora kuliko miezi elfu moja, na yeye yuko na taa yake na cherehani anatushonea nguo za kusherehekea. Asubuhi ya Idd tunachukua nguo na kumwambia, "Fundi, nitakuona wiki ijayo." Na Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, kama ilivyo katika Ibn Majah. Huyu jasho limekauka, Shawwal imekwisha, bado anatuona tukikwepa kwa njia ya nyuma.

Si lazima uwe tajiri wa Ulaya kulirekebisha hili. Peleka kitambaa Shaaban, au mwanzo wa Ramadhan. Lipa nusu mapema na nusu siku ya kuchukua. Usibishane naye bei kama ambaye umeokota kazi yake. Vivyo hivyo kofia. Kofia ya kushonwa kwa mkono ya Lamu inaweza kuchukua miezi mikononi mwa mtu, halafu tunaipima kwa bei ya ile iliyopigwa na mashine na kuvuka bahari. Ukiweza kununua moja ya mkono, nunua, itakaa na wewe miaka. Usipoweza, basi vaa uliyonayo, lakini usimwambie mshonaji anaiba.

NENO KWA WAZAZI

Mama zetu na baba zetu, najua uzito mlio nao. Unga, mafuta, karo, na juu yake Idd. Wako wanaokopa ili watoto wavae vipya, kwa kuogopa macho ya jirani. Sunna ya Idd ni kuoga, kujitia manukato na kuvaa iliyo nzuri katika ulizonazo. Nzuri si lazima mpya. Nguo iliyofuliwa, ikapigwa pasi, na pindo likateremshwa kwa sababu mtoto ameongezeka kimo, hiyo ni nguo ya Idd na hiyo ni shukrani.

Na sisi vijana tuwaondolee wazazi wetu mzigo huu. Mtoto wa kwanza akisema, "Mama, mimi mwaka huu navaa ya mwaka jana, mshonee mdogo wangu," nyumba nzima inapumua. Mimi yangu ya mwaka huu ni ya mwaka juzi, imebadilishwa mikono na fundi wa hapa hapa, na nimekwisha kumlipa.

Ramadhan inatufundisha kujizuia na chakula cha halali kilicho mbele yetu, mchana kutwa, bila askari wa kutulinda. Aliyeweza hilo hashindwi kujizuia na shati.

Tumuombe Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na visimamo vyetu. Awarehemu waliokufa wakitafuta riziki ya halali kwenye viwanda na mashambani. Ambariki kila fundi, kila mfumaji na kila mama mwenye turubai sokoni. Atuvishe vazi la uchamungu, lisilochakaa wala kupitwa na wakati. Amin.

Niliyopatia ni kwa tawfiq yake Mola, na anayejua zaidi ni Yeye. Wabillahi tawfiq.